Wimbo wa kuoga

Kijana wangu alikuwa amepita miaka 2 na hakuna neno lilikuwa limetoka, ni kuelekeza kidole na kulia tu, na kwetu Umoja kila jirani alikuwa na maelezo yake. Huyu ati ulimi umefungwa, yule ati wavulana huchelewa, mamangu akasema ningoje. Mimi sikungoja. Tulienda akapimwa masikio kwanza, juu mtoto asiposikia vizuri ataiga nini, na yakapatikana yako sawa, ndo tukatumwa kwa mtaalamu wa usemi.

Huyo mama hakunipa dawa yoyote. Aliniambia nimwimbie. Nikauliza kama nyimbo za tivi hazitoshi, akasema, "Mama, tivi haiwezi kumngoja mtoto." Chukua kitu mnafanya kila siku, tunga wimbo mfupi, imba polepole, maneno yale yale, ukikaribia neno la mwisho unyamaze umwangalie usoni. Na usimwambie sema.

Basi nikatunga wa kuoga, kwa sababu karai ndo ilikuwa raha yake. Mguu unataka maji, mkono unataka maji, tumbo nalo linataka... Nilichagua maji juu ni neno fupi, na ile m inatoka kwa midomo, mtoto anaiona ukiitamka. Kila jioni wimbo ni huo huo, hadi babake akawa anauimba akienda steji asubuhi.

Sasa jioni moja stima zikapotea ploti nzima, nikawasha tochi ya simu nikaiegemeza dirishani, nikaimba mguu, nikaimba mkono, nikafika kwa tumbo nikanyamaza. Jameni kunyamaza ni ngumu, unasikia neno liko hapo kwa koo linataka kutoka umsaidie, lakini nilikaza. Akaangalia karai, akaniangalia, midomo ikafungana, halafu, "Mai."

Ile j haikuwako na sikuitafuta. Nikamjibu, "Eeh, maji!" nikamwagia tumbo, nikaanza wimbo upya, akasema tena. Hapo ndo nilipiga nduru, jirani wa chini akapanda mbio akidhani mtu ameanguka, nikamwambia ameongea, ameongea! Na yeye akachuchumaa akaimba, kijana akamjibu pia.

Babake alipofika alitukuta bado kwa karai, nguo zangu zote zimelowa, na kabla aulize mbona kuna giza nikamwambia weka begi chini, kuja hapa, imba ya tumbo.