Nilivyoenda Ujerumani kama au pair nikitokea Tukuyu

Wadogo zangu wa Rungwe na Mbeya mjini mmeniuliza sana habari za Ujerumani kwa hiyo naeleza nilivyofanya mimi, na kubwa ninalotaka mlishike ni hili, sheria za au pair zijueni nyie wenyewe kabla hamjaongea na mtu yeyote, awe wakala au familia, maana mimi zilinisaidia kila nilipofika.

Au pair sio hausigeli. Unaishi na familia kama mtu wa nyumbani, unasaidia watoto na kazi ndogondogo, huku unajifunza lugha na maisha ya kule. Kwa Ujerumani mwisho ni masaa 6 kwa siku na masaa 30 kwa wiki, na ukibaki na watoto usiku wazazi wametoka hayo nayo yanahesabiwa humohumo. Kila wiki una siku moja na nusu ya kupumzika. Pesa ya mfukoni ni euro 280 kwa mwezi, familia inachangia na euro 70 za kozi ya lugha, chakula na chumba hukatwi, bima wanalipa wao. Umri uwe umefika 18 na siku unaomba viza uwe hujatimiza 27. Unakaa miezi 6 mpaka 12, ukimaliza mwaka haiongezwi. Na wavulana wanaruhusiwa pia, kaka zetu wengi wanadhani ni ya wasichana tu.

Lugha ndo ilinichukua muda kuliko vyote. Wanataka Kijerumani ngazi ya A1, yaani ile ya kwanza kabisa, na mimi kule nyumbani sikupata darasa, nikaanza na masomo ya bure ya Deutsche Welle kwenye simu, usiku bando likiwa rahisi, halafu usharika wetu una undugu na usharika mmoja wa Ujerumani na kuna mchungaji aliwahi kuishi kule miaka mingi, nikamfuata nikamwambia shikamoo baba mchungaji naomba unisaidie kuongea tu, kusoma nitasoma mwenyewe. Akakubali, kila baada ya ibada tunakaa ananiuliza maswali. Hilo lilinibeba kweli kwa sababu kwenye mtihani kuna kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea, unatakiwa upate 60 kati ya 100, na kwenye kuongea unajitambulisha, unataja jina lako herufi moja moja na namba tarakimu moja moja, sasa kama hujazoea kutoa sauti mbele ya mtu unaganda. Mtihani nilifanyia Goethe-Institut Dar, kituo cha lugha na utamaduni cha Wajerumani, nikapanda basi alfajiri, Makambako, Mafinga, Kitonga, mpaka Dar usiku nikafikia kwa shangazi.

Wakati nasubiri majibu kuna wakala mmoja nikaelekezwa, anataka hela nyingi sana ya kuharakisha na anaongelea mshahara mnono. Nikamuuliza, masaa mangapi kwa wiki? Familia ni ipi, inaishi mji gani? Akasema mdogo wangu hayo utapangiwa ukifika. Hapo nikaaga. Ubalozini unaenda na mkataba ambao wewe na familia mmeshasaini, umeandikwa masaa, pesa na likizo, sasa utapangiwaje ukifika? Naumia sana nikiona wazazi wanauza shamba la parachichi kumpa mtu wa namna hiyo. Mtu akikwambia hivyo ondoka.

Familia nilitafuta mwenyewe, tunaongea kwa video. Ya kwanza walikuwa wazuri wa maneno ila wakataka nimuuguze na bibi yao mgonjwa, na kumhudumia mgonjwa sio kazi ya au pair, nikawaambia kwa adabu haiwezekani. Ya pili Kijerumani ndo lugha yao ya nyumbani (hili nalo ni sharti), wakanionyesha chumba changu kabisa, kina dirisha na hita, nikaongea na watoto, nikaomba niongee pia na au pair aliyekuwepo kabla yangu. Ombeni hivyo na nyie. Anayemaliza mwaka wake pale anakwambia ukweli wote.

Karatasi sitazieleza sana. Pasipoti uhamiaji ni shilingi 150,000 ila hakikisha jina kwenye cheti cha kuzaliwa, NIDA na vyeti vya shule ni lilelile herufi kwa herufi, lisipofanana shughulikia hilo kwanza. Viza ni euro 75. Nauli ya ndege nililipa mwenyewe, mama alichukua mkopo VIKOBA na mimi nikaurejesha kidogokidogo.

Kwenye intavyuu ubalozini walinisemesha Kijerumani cha kawaida, familia ina watoto wangapi, wanaitwaje, siku yako itakuwaje, halafu ukimaliza mwaka utafanya nini. Hili la mwisho lifikirieni mapema na mseme ukweli wenu, mimi nilisema nataka kusomea ualimu wa chekechea na nilikuwa nimeshafundisha Sunday school, na ndivyo ilivyokuwa. Kisha unasubiri maana faili linakaguliwa, kwa hiyo usikate tiketi kabla.

Ukifika, ndani ya wiki mbili unajiandikisha ofisi ya mji, halafu kibali cha kukaa. Na huruhusiwi kazi nyingine pembeni, hata ya wikiendi.

Binamu yangu wa Makete ana miaka 26 na bado anasema ataanza kujifunza mwakani. Mwakani atakuwa ameshapita umri, kwa hiyo wenye 25 na 26 anzeni na A1 mwezi huu, pasipoti iende sambamba.