Nyaya mbili, siku nzima

Saa moja na nusu asubuhi nafungua gereji. Gari la kwanza ni fyuzi, la pili taa za breki. Saa tatu yote mawili yameshaondoka.

Saa tatu na nusu anaingia bwana mmoja. Taa ya ABS, mfumo unaozuia matairi yasijifunge ukikanyaga breki, inawaka na kuzima, mshale wa spidi unaanguka sifuri akiwa barabarani, kisha unarudi. Mkononi ana boksi la ABS la mtumba, limefungwa gazeti.

"Fundi, kodi ya hitilafu inasema ABS. Nifungie hili tu."

Nachomeka mashine ya kusoma kodi: U0121. Kompyuta ya injini, ya usukani na dashibodi, zote zinalalamika kwamba hazimsikii ABS. Namweleza kuwa kodi ya U haisemi kifaa kimekufa, inasema kimenyamaza. Huenda hakina umeme, huenda hakina athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, huenda njia ya mawasiliano imekatika.

"Si ndiyo maana nimeleta kingine?"

Umeme na athi viko sawa. Nachomoa waya wa betri, kisha naweka mita kwenye tundu la 6 na la 14 la soketi ya kupimia. Mtandao, yaani nyaya mbili ambazo kompyuta za gari huongea kupitia kwazo, una rizista (vizuia umeme) mbili za omu 120, moja kila mwisho. Zikionekana zote, mita inasoma 60; ikionekana moja tu, 120.

Inasoma 60.

"Unaona? Waya ni nzima!" Anaanza kufungua gazeti lake.

Siku ikapotelea hapo. Nimelala chali chini ya dashibodi, tochi mdomoni, natikisa fungu moja moja la nyaya huku jicho likiwa kwenye mita. 60. 60. Shingo imekakamaa. Mwenye gari anachungulia: "Bado tu?" Sitaki hata kujibu, tochi iko mdomoni. Saa ya chakula ilipita bila kuniaga.

Nikaegemeza kiwiko kwenye zulia kando ya kanyagio. Mita ikaruka 120, ikarudi 60.

Nikafunua zulia. Aliyefunga alamu aliukata waya mmoja wa mtandao, akaunganisha wake, akasokota kwa vidole na kuviringisha tepu. Ndani shaba imekuwa kijani, zimebaki nyuzi mbili tatu zinazogusana. Gari likirushwa na shimo, ABS inapotea pamoja na rizista iliyo ndani yake.

Nikakata palipooza, nikalehemu, nikavalisha mpira wa kubana kwa moto. Kisha nikazisokota upya nyaya zote mbili pamoja kama zilivyotoka kiwandani. Msokoto ule ndio unaozikinga na vurugu za umeme wa jirani. Wengi hupaacha pamenyooka. Mimi siachi.

Nikafuta kodi, tukazunguka mpaka kwenye mashimo. Mshale haukutetereka.

"Waya tu, fundi? Hela yote hii kwa waya tu?"

Akalipa akinung'unika. Giza lilishaingia, mgongo haunyooki. Nikidhani ameondoka, akarudi na gazeti lake kwapani.

"Fundi, humjui mtu anayetafuta boksi la ABS?"