Kuipima heller 20 ya Tabora

Katika sarafu zote ambazo watu huniomba nizitazame, hakuna inayozua ubishi kama heller 20, sarafu ndogo ya koloni la Wajerumani, iliyogongwa Tabora mwaka 1916. Wajerumani waliigonga katika karakana ya reli kwa sababu manowari za Waingereza zilikuwa zimeziba njia ya bahari na sarafu kutoka Ulaya hazikufika tena. Shaba ilikusanywa popote ilipopatikana, maganda ya risasi yakiwemo. Ndiyo maana taji ni kubwa katika baadhi ya sarafu na dogo katika nyingine, na ncha za herufi L katika neno HELLER hazifanani. Hizo ni tofauti za chapa zilizotumika, yaani mihuri ya chuma inayogonga picha na maandishi kwenye sarafu, wala si makosa, na muuzaji anayeziita makosa ili apandishe bei abanwe kwa maswali.

Kosa lenyewe hutokea sarafu inapogongwa. Chukua lenzi ya kukuza mara kumi, ulaze mwanga kutoka ubavuni, kisha utazame mstari unaokutia shaka. Ukiwa umeinuka juu ya uso, basi chapa ilikuwa na ufa au mkwaruzo na shaba ikajaa humo. Ukiwa umezama, sarafu yenyewe ilikwaruzwa baadaye, na hilo ni jeraha tu, hata kama mwenye nayo ataapa vingine. Sarafu iliyogongwa kando nayo hukatika maandishi upande mmoja na kubaki na ukanda mtupu upande wa pili. Ikiwa maandishi yamekatika lakini hakuna ukanda huo, shuku kwamba ukingo umesuguliwa kwa tupa, kile chuma cha kunolea.

Kupanga daraja, yaani kusema sarafu imechakaa kiasi gani, ni kugumu zaidi. Wakusanyaji wengi hutumia kipimo cha Sheldon, kinachoanzia 1 kwa sarafu iliyochakaa kabisa na kuishia 70 kwa isiyo na dosari, ambacho hufanya kazi vizuri kwa sarafu za viwanda vikubwa. Ya Tabora huwapotosha wapimaji, kwani pigo hafifu hufanana sana na uchakavu. Mimi huanza na sehemu zilizoinuka kuliko zote. Uchakavu huzilainisha zote, na rangi yake hutofautiana na ya mabonde yaliyo kando yake. Pigo hafifu huacha doa moja lisilojaa, mara nyingi likiwa na mwenzake upande wa nyuma mahali pale pale, na ndani yake bado huonekana ukwaru wa kipande cha shaba kabla hakijagongwa, pengine hata mng'ao wa awali. Sarafu ya namna hiyo huenda haikutembea sana mikononi mwa watu, hata kama taji lake limefifia.

Kisha kuna waliosugua kwa limau na majivu. Shaba iliyosuguliwa hung'aa sawasawa kila mahali, hadi ndani ya mabonde, na chini ya lenzi huonyesha mikwaruzo myembamba inayoelekea upande mmoja. Sarafu hiyo siipi namba yoyote. Huandika tu kwamba imesafishwa, na mwenye nayo huondoka amenuna.