Chanuo, Kitana na Paka Aitwaye Sufi: Siku Moja Maishani Mwangu

Saa 11 alfajiri. Adhana haijaisha na Sufi ashanipanda kifuani. Ana miezi 5, mweupe, manyoya marefu mpaka kwenye nyayo, ndiyo maana akapewa jina la ile sufi tuliyokuwa tukijazia mito. Hapa Kibokoni, Mombasa, kila anayemwona huuliza: "Huyu si wa Kiajemi?" Labda. Majahazi ya Uajemi yalikuja na kaskazi. Yeye alikuja na tuktuk kutoka Nyali, ndani ya kikapu cha sokoni, mteja wangu alipohama.

Nikishasali nampakata. Dakika 5, si zaidi. Naanza na chanuo la chuma la meno mapana, kisha kitana cha meno ya karibu nyuma ya masikio na chini ya kidevu. Burashi pia ninayo, alikuja nayo, lakini burashi ni nafiki. Inapita juujuu, paka anang'aa kama wa picha, kumbe chini karibu na ngozi manyoya yanafungana. Kitana hakidanganyi. Kikikwama, kuna jambo.

Leo kimekwama kwapani, mkono wa kushoto. Nimeshika shina la manyoya kwa vidole viwili ili mvuto usifike ngozini, nikaanza kuchana nchani. Akanigeuzia meno. Nikamwacha, nikampa kipande cha samaki. Mtoto wa paka akishajifunza kwamba kitana ni maumivu, mtakosana maisha yake yote, na paka huishi miaka mingi.

Saa 2. Nafungua saluni Bondeni. Mahamri na mbaazi kutoka kwa mama wa ng'ambo ya barabara, chai ya rangi, kazi inaanza.

Saa 4. Msichana ameingia na rasta ambazo hazijafumuliwa miezi mitatu. "Dada, usinikate hata unywele mmoja." Tukafumua mimi na msaidizi wangu, na kule kwenye mashina tukakuta yale yale ninayoyakuta kwa Sufi: nywele zilizokwisha kung'oka lakini hazikupata pa kudondokea, zikajiviringisha kwenye nzima. Kwa paka ni hivyo hivyo. Sufi sasa anapukutisha manyoya ya utoto na ya kiutu uzima yanaota, basi kila palipo na msuguano pana hatari ya fundo: kwapani, tumboni, ndani ya mapaja, chini ya mkia. Hata ukanda wa shingo nimemvua, ulikuwa unamtengenezea kamba.

Saa 7 na nusu. Narudi nyumbani kula, nakutana na mtoto wa dada yangu mlangoni, shati limelowa chepechepe, uso umejaa furaha.

"Mamdogo, nimemuogesha Sufi!"

Kwa shampuu yangu ya saluni. Sufi yuko juu ya kabati, amekuwa nusu ya ukubwa wake, ananitazama kama mimi ndiye niliyetoa amri.

Sikumgombeza mtoto, ana miaka 9 na hakuna aliyemwambia. Lakini fundo likiingia maji hujikaza, likikauka hapo ni gumu kama kipande cha zulia. Kuchana kwanza, kuosha baadaye. Hata kwa wateja wangu wa nywele ndefu ni hivyo. Chakula kikasubiri. Nikamsuuza upya kwa maji ya vuguvugu mpaka povu likaisha kabisa, maana paka hujilamba, na chochote kinachobaki kwenye manyoya kitaishia tumboni. Kisha taulo. Taulo ni la kukandamiza tu. Ukisugua ndiyo umeyafuma zaidi. Tukakaa chini ya pangaboi, mtoto ameshika samaki, mimi nimeshika chanuo, nikimchana mahali pamoja mpaka pakauka ndipo nihamie pengine.

Lile fundo la kwapani lilikuwa limekuwa kama kokwa ya tende. Mtoto akaniletea mkasi.

Hapo ndipo niliposema "weka" kwa sauti niliyojutia. Nimeshika mkasi miaka 11 na mkono wangu hautetemeki, lakini paka niliyekuwa naye kabla ya Sufi nilimkata mwenyewe. Ngozi ya paka ni nyembamba na hailingani na yetu: ukivuta fundo, ngozi huja nalo juu, na huioni ndani ya manyoya. Nilisikia mkasi umekata kitu laini zaidi ya nywele. Damu haikutoka mara moja, niliona tu mdomo mdogo umefunguka. Daktari wa mifugo akamshona, hakunisema neno, na lile kimya lake ndilo lililoniuma.

Kwa hiyo, unga. Ule mweupe laini wa wanga wa mahindi unaotiwa kwenye supu iwe nzito. Nikangoja fundo likauke, nikapaka kidogo, nikalipasua kwa kucha kuelekea nchani, vipande viwili, kisha vitatu, halafu jino la pembeni la chanuo. Dakika 3, samaki, mapumziko. Lingekuwa limelala kabisa kwenye ngozi ningemwachia daktari na mashine yake ya kunyolea.

Saa 10 na nusu. Jirani, Bi mkubwa wa chini, amesikia mkasa akaniletea poda ya viroboto. Moyo mzuri, ila ni ya mbwa. Nikasoma kopo: permethrini. Hiyo mbwa anaistahimili, paka inaweza kumuua. Nikamshukuru, nikamwomba na yeye asimtilie yule shume anayelala kwenye ngazi zake.

Jioni nilirudi saluni nikakuta msaidizi ameshamaliza rasta. Unywele haukukatwa hata mmoja.

Saa 4 usiku. Sufi amekauka, amerudi ukubwa wake, ananuka nazi ya shampuu yangu. Mtoto ameomba zamu ya asubuhi iwe yake, nimemwonyesha namna ya kushika shina. Fundo la kwapa la kushoto bado lipo, ila sasa ni kama punje ya mbaazi.