Sauti ya mtoto iko juu kuliko yangu

Juma hili nimelimaliza koo likikwaruza, na si kwa sababu ya kukemea watu. Kutwa nzima nimekuwa nikiimba kwa ile sauti nyembamba ya kichwani, ambayo si yangu ya kila siku, kwa kuwa darasa la tatu lina watoto wasionipata nikiimba nilivyozoea. Wenzangu katika chumba cha walimu wameshaanza kuniiga. Waniige tu.

Sauti yangu ni besi, ile nzito ya kiume. Nikitoa so, moja ya noti za solfa (do, re, mi, fa, so, la, ti), watoto wengi huipandisha wenyewe na kuiimba so ile ile oktava moja juu, yaani so inayofuata juu yake, bila kuelekezwa na yeyote. Noti ya la inayotumika kupatanisha ala ina mitetemo 440 kwa sekunde. Nikiiimba mimi hutoka na 220, nusu yake, na masikio mengi hukubali kwamba hiyo ni noti moja. Lakini kila darasa lina wachache wanaonifuata huku huku chini nilipo. Koo la mtoto wa miaka minane halifiki huku, kwa hiyo kinachotoka ni mngurumo mmoja, haupandi wala haushuki. Jirani yake hucheka. Mtu mzima akipita dirishani atasema huyu hajui kuimba, ilhali mtoto ametii kabisa: ameambiwa amfuate mwalimu, naye amemfuata.

Mwaka huu ninaye wa namna hiyo, hukaa karibu na dirisha. Siku za mwanzo alinifuata kipindi kilipoisha akaniuliza kama anaweza kupiga manyanga tu, asiimbe. Nikamuuliza kwa nini. Akasema zamani aliwahi kuambiwa awe anafungua mdomo bila kutoa sauti, asije akawaharibia wenzake wimbo. Alilisema bila kinyongo, kama mtu anayekutajia saizi ya viatu vyake. Mimi ndiye niliyebaki na kinyongo.

Nimewasikia watu wazima wengi wakisimulia kisa kama hicho. Waliambiwa neno moja wakiwa wadogo, wakaacha kuimba moja kwa moja, hata peke yao bafuni. Wapo watu wachache ambao ubongo wao kweli hautambui tofauti za noti, lakini ni wachache mno kuliko hao wanaojitangaza. Wengine hawakuwahi kuonyeshwa sauti yao iko wapi.

Kwa hiyo na huyu nimegeuza kazi. Simwambii anifuate, mimi ndiye ninayemfuata. Namwomba aite kama anavyomwita rafiki aliye upande wa pili wa uwanja. Hapo sauti hupanda yenyewe, na mara nyingi hushuka kwa hatua ile ile inayotoka so kwenda mi. Nikishaisikia noti aliyoitua, naiimba naye hapo hapo, hata kama haipo kwenye wimbo wowote tulioandaa. Uso hubadilika akisikia sauti mbili zimekutana. Baada ya hapo tunasogea kidogo juu, tunarudi, tunasogea tena. Siku nyingine namketisha karibu na msichana mwenye sauti safi na kumwacha aigize kwake, maana mtoto humpata mtoto mwenzake upesi kuliko anavyolipata besi langu.

Kuanza na so na mi si ubunifu wangu. Zoltán Kodály, mtunzi wa Hungaria aliyefariki mwaka 1967, ndiye ambaye jina lake limeshikamana na njia hiyo: noti hizo mbili kwanza, kisha la, nyingine zikaja polepole. Wafuasi wake hutumia pia ishara za mikono zilizotoka kwa John Curwen, mchungaji wa Uingereza wa karne ya 19, ambaye naye alijenga solfa yake juu ya kazi ya mwalimu mwanamke, Sarah Glover. (Glover husahaulika sana. Nikitaja Curwen mahali namtaja na yeye, hata kama hakuna aliyeniuliza.) Do ni ngumi usawa wa kiuno, mi ni kiganja kilicholala, so ni kiganja kinachokitazama kifua, na mkono unazidi kuinuka noti inavyopanda. Kwa mtoto wangu wa dirishani ishara hizi zimefanya kazi ambayo maneno hayakuifanya. Ukimwambia apandishe noti, anapiga kelele zaidi. Ukiinua mkono, anapanda.

Jambo jingine ambalo sikuambiwa chuoni kwa msisitizo uliostahili ni mahali pa kuanzishia wimbo. Watoto wa umri huu huimba kwa raha kuanzia noti ya D iliyo juu ya C ya kati ya kinanda hadi A (ile la ya kupatanisha ala), pengine B. Sisi wakubwa tunaanzisha pale panapotufaa sisi, chini ya hapo, halafu tunalalamika kwamba darasa linaimba kama limechoka. Siku hizi nagonga noti kwenye kinanda kidogo kabla ya kufungua mdomo. Nisipokuwa nacho natumia filimbi. Kinachobaki ni koo langu kuvumilia.

Jumatano tuliingia kwenye chupa. Nilipanga chupa za glasi mezani, kila moja na kiwango chake cha maji, tukazigonga kwa kijiti. Yenye maji mengi ikatoa noti ya chini, yenye maji machache ya juu, wote wakaridhika. Kisha mtoto mmoja mtundu, ambaye hakuruhusiwa, akanyanyua chupa akapuliza mdomoni mwake. Kinyume chake kabisa! Yenye maji mengi ndiyo iliyolia juu. Mzozo uliozuka hapo ulikula muda wa zoezi la makofi nililoandaa, nami sikuuzuia. Ukigonga, kinachotetemeka ni glasi pamoja na maji inayoyabeba, na maji yakizidi mtetemo unapungua kasi. Ukipuliza, kinachotetemeka ni hewa iliyobaki juu ya maji, na nafasi ya hewa ikiwa fupi noti hupanda. Walifika huko karibu wenyewe, kwa kubishana, wengine wakisema uongo kwamba walijua tangu mwanzo.

Ndipo mmoja akauliza mbona sauti yangu ni nzito hivyo, nina maji? Darasa likavunjika kwa kicheko. Nikawaeleza kwamba kooni kuna nyuzi za sauti, na za mwanamume mzima ni ndefu na nene zaidi, hivyo hutetemeka taratibu. Nikawaambia zao bado ni fupi, ndiyo maana makazi yao ni juu. Yule wa dirishani hakucheka wakati huo. Alijishika koo, akatoa uuuu ndefu, akainama tena kwenye daftari.

Manyanga yake sikumnyima. Nimempa na marimba zaidi, zile ambazo mbao zake hung'oka. Tunaziondoa fa na ti, zinabaki do, re, mi, so na la, na hapo mtoto hata akigonga bila mpango hakuna noti mbili zinazokwaruzana. Mbinu hiyo inatumika sana kwa walimu wanaofuata njia ya Carl Orff wa Ujerumani. Naipenda kwa sababu inamwondolea mtoto hofu ya kukosea kabla hajajua kupatia ni nini. Anapiga, mdomo unaanza kufuata mkono, nami najifanya sijasikia.

Wazazi huniuliza kama muziki utampandisha mtoto katika hisabati. Swali hili hunichosha. Wengine wamesikia kwamba ukimsikilizisha Mozart anakuwa na akili. Utafiti uliozaa maneno hayo ulichapishwa mwaka 1993, walioshiriki walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, si watoto, na faida yenyewe ilikuwa katika majaribio ya kufikiria maumbo, tena ikadumu kama robo saa tu. Basi. Sitaki kuutetea muziki kwa kuufanya mtumishi wa somo jingine. Mtoto hujifunza muziki ili ajue muziki, kama anavyojifunza kusoma bila mtu kuuliza kusoma kutamsaidia nini kwenye kuogelea. Mzazi mmoja aliniambia jibu hilo halimtoshi. Sina jingine.

Kwenye kwaya bado tunavutana na uongozi. Mitihani ikikaribia kipindi changu ndicho cha kwanza kuliwa, lakini siku ya wageni ikitajwa naulizwa orodha ya wenye sauti nzuri. Mazoezi ya wachache wanaopenda kuimba zaidi sina ugomvi nayo, waje hata jioni. Ugomvi wangu ni mchujo wa umri huu, unaowapanga watoto mafungu mawili kabla nusu yao hawajafundishwa chochote. Anayepita anafundishwa zaidi, anayeachwa anapewa viti vya kupanga.

Nilipoombwa majina nikapeleka rejesta ya darasa la tatu nzima, kama ilivyo. Mkuu akaisoma hadi chini, akaniuliza kama natania. Nikamwambia wimbo una sehemu ya wote, na kwamba asiyefika la bado atakuwa na mstari wa so na mi unaojirudia chini ya wengine, ambao nimeutunga makusudi na unasikika vizuri. Hakubisha muziki. Alibisha sare, kwamba za kwaya hazitoshi darasa zima na bajeti imefungwa. Tumekubaliana waimbe na sare zao za shule, na mimi ndiye nitakayetafuta mahali pa kuwasimamisha wote, maana jukwaa ni dogo.