Injini zinanenepa, barabara ni zile zile

Leo nimekaa nawaza namba. Chukua pikipiki ya Kawasaki Ninja, ile ndogo ambayo watu wengi huanzia. Ya 2008 ilikuwa na ujazo wa injini wa cc 249. Ya 2013 ikawa cc 296, ya 2018 cc 399, na 2024 tukafika cc 451. Anayejifunza ni yule yule, kona ni zile zile. Kwenye pikipiki za safari ndefu mambo yamekwenda mbali zaidi: BMW R 80 G/S ya 1980 ilikuwa na cc 797 na nguvu farasi 50, ukoo wake leo umefika R 1300 GS yenye farasi 145. Honda Africa Twin ilianza 1988 na cc 647, sasa ina 1,084.

Barabara yenyewe inadai nini hasa? Dereva mmoja aliyeketi wima, njia tambarare, bila upepo: kwenda kilomita 80 kwa saa kunahitaji takriban kilowati 5 kwenye tairi. Kwa 120 zinahitajika kama 15. Kwa 160, kama 34, kwa sababu ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya kupasua hewa inapanda mara nane. Ndiyo maana pikipiki ya cc 125 yenye kilowati 11, kikomo cha leseni ya A1 (ya pikipiki ndogo) huko Ulaya, hupita 100 kidogo kisha inakata pumzi. Kilowati zinazozidi hapo ni za kupanda mlima na abiria, kulipita lori haraka, na (tusidanganyane) raha ya kupiga gesi.

Kwa nini basi zinakua? Sababu ya kwanza ni sheria za moshi, na ni sababu halali. Kichocheo kilicho ndani ya ekzosi, kile kinachosafisha moshi, hakianzi kazi mpaka kipate joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi. Injini ndogo hutoa hewa chache ya moto, kwa hiyo kichocheo chake kinachelewa kuamka, na dakika hizo za mwanzo ndizo chafu kuliko zote. Ni mtego huo ulioinasa Honda Super Cub ya cc 50 nchini Japani: chombo kilichozaliwa 1958, ukoo wake ukapita milioni 100 mwaka 2017, lakini ile ya cc 50 ikasimamishwa 2025. Suluhisho la Wajapani ni la kuchekesha kidogo: leseni ya cc 50 sasa inaruhusu injini ya hadi cc 125, mradi nguvu yake ifungwe kwenye kilowati 4. Injini imekuwa kubwa ili ifanye kazi ya ndogo.

Sababu ya pili haizungumzwi sana, nayo ndiyo ninayoona ina uzito zaidi. Kompyuta ya injini, kihisi cha oksijeni, pampu ya ABS, breki zinazozuia tairi kukwama (Ulaya ni lazima kwa pikipiki mpya inayozidi cc 125), na majaribio ya kuidhinishwa havipungui bei kwa sababu injini ni ndogo. Kwenye pikipiki ghali, gharama hizo zinamezwa. Kwenye pikipiki rahisi zinakula faida yote. Kiwanda kinachopiga hesabu vizuri kitaondoa 250 na kuleta 400, halafu kitasema wateja ndio waliotaka.

Uzito nao unazaa uzito. Silinda ya pili mara nyingi inataka redieta, redieta inataka feni na maji, nguvu ikizidi fremu na diski za breki lazima zinenepe, kisha uzito huo wote unadai nguvu zaidi. Lakini si sheria ya lazima. Ninja 400 ilipotoka ilikuwa nyepesi kuliko 300 iliyoitangulia, na R 1300 GS imepungua hadi kilo 237 kutoka 249 za R 1250 GS. Wahandisi wakiamua, wanaweza. Ila kilo 237 zikilala kwenye mchanga, mtu mmoja mwenye mizigo pande zote mbili atazinyanyua mara mbili, na mara ya tatu ataanza kuangalia barabarani kama kuna anayepita.

Kinachoniuma zaidi ni kupotea kwa injini ambayo mwenyewe anaweza kuihudumia. Chukua mtindo wa Honda CG125: silinda moja, inapozwa na hewa, valvu mbili zinazosukumwa na fimbo. Kurekebisha tapeti, yaani nafasi ndogo kati ya roka (mkono unaosukuma valvu) na valvu, kunataka injini iliyopoa kabisa, yaani ilale usiku kucha. Toa plagi ili izunguke kwa wepesi, fungua kifuniko cha kichwani, zungusha flaiwili mpaka alama ya T ikae sawa na alama ya mwilini. Shika roka zote mbili: zikiwa na uchezaji kidogo, pistoni iko juu kwenye mbano, valvu zote zimefungwa. Kama moja imekaza, hapo si penyewe, zungusha mzunguko mmoja mzima. Pitisha geji ya milimita 0.08, kwa valvu ya kuingiza na ya kutoa pia. Inatakiwa iburuzike kwa kushikwa kidogo, isilegee wala isikwame. Tatizo huja mwishoni: ukikaza lokinati, skrubu huzunguka nayo na nafasi inaziba. Basi ishikilie skrubu kwa bisibisi unapokaza, kisha pima tena. Wengi huogopa tapeti inayogonga, kumbe ya kuogopwa ni iliyo kimya mno. Valvu ya kutoa isipokaa vizuri kwenye kiti chake haiwezi kumwaga joto. Inaungua, na dalili mojawapo ni injini kuwa ngumu kuwaka.

Kazi hiyo hiyo kwenye injini ya silinda nne ni valvu 16, na nyingi zinarekebishwa kwa vidonge vya chuma vilivyo chini ya kemu (mhimili unaofungua valvu). Tangi linatoka, sanduku la hewa linatoka, mara nyingi kemu zenyewe zinatoka. Haki yao niwape: kwa nyingi za kisasa ukaguzi huo huja baada ya kilomita 20,000 na zaidi, na mara nyingi hukuti cha kubadilisha. Lakini siku ukikikuta, si kazi ya kufanyia chini ya mti.

Ndogo nayo ina masharti yake, na wanaoisifu husahau kuyasema. Ina oili kama lita moja tu. Ikipungua mililita 300, umepoteza karibu theluthi ya kila kilicho ndani; injini ya lita 4 isingetikisika. Nyingi hazina filta ya karatasi, zina wavu na chujio la kuzunguka, kwa hiyo kwa kazi nzito mwaga oili kila kilomita 2,000 hadi 3,000, ikiwa bado ya moto. Na usiiendeshe gesi ikiwa wazi kabisa saa nzima ukidhani ni uvumilivu. Kama njia yako ni ndefu na tambarare, kubadilisha sproketi ya mbele (gurudumu la meno linalovuta mnyororo) kutoka meno 14 hadi 15 inashusha mizunguko kama asilimia 7. Kama kuna milima na mizigo, iache ilivyo.

Anayetafuta ndogo iliyotumika asiogope vipuri vya kuchakaa. Mnyororo wa saizi 428 na matairi ya inchi 17 na 18 vinatumiwa na pikipiki nyingi mno duniani kiasi kwamba havitakosekana karibuni. Vinavyoisha mapema ni sanduku la CDI (linaloongoza cheche za plagi), mita, na vifuniko vya plastiki vya pembeni. Hivyo vikague kwanza, kabla hata ya kuiwasha.