Mama na mchanga wa Lahbab

Januari 2018 nilimpeleka mama Dubai kwa siku nne. Ninayoikumbuka zaidi ni siku ya tatu.

Asubuhi tulivuka Khor, mkono wa bahari unaoukata mji, kwa abra, kutoka Bur Dubai kwenda Deira, nauli dirhamu moja kwa kichwa. Abra ni mashua ya mbao. Abiria hukaa katikati wamepeana migongo, maji yako hapohapo chini ya miguu. Mama ni mzaliwa wa Pemba, basi alitulia kama yuko bandarini Mkoani anasubiri wageni.

Kwenye soko la viungo alisimama mbele ya gunia la karafuu. Akachukua chembe moja, akaikandamiza kichwa kwa ukucha, akaangalia kama inatoa mafuta. Haikutoa. Akairudisha taratibu guniani, akamshukuru muuzaji, akanishika mkono tukaondoka.

"Mwanangu, hizi zimekaa sana," aliniambia tulipofika mbali.

Kisha soko la dhahabu. Pale bei ya gramu hutangazwa kila siku na haina mjadala. Mnachopatana ni ujira wa fundi. Mama alilijua hilo kabla sijafungua mdomo. Nilimwonyesha ile pete kubwa ya maonyesho, Najmat Taiba, ya karati 21, uzito wake karibu kilo 64. Aliitazama kidogo tu, akarudi kwenye mizani na bangili ya mpwa wangu aliyekuwa anaolewa. Kodi ya asilimia 5 ilikuwa imeanza mwezi uleule, naye akaipigania kwenye ujira mpaka muuzaji akapunguza.

Katika fundo la kanga alikuwa na karatasi ya majina kumi na moja ya watu wa kupelekewa zawadi. Kila tukinunua kitu, anakata jina. Nilipoichukua kuisoma nikaona jina lake halimo. Niliumia. Mama ametulea watoto watano kwa cherehani, na hata huku ugenini alikuwa bado anahesabu ya wenzake.

Alasiri tukachukuliwa na Land Cruiser hadi Lahbab, kwenye vilima vya mchanga mwekundu. Kabla ya kuingia mchangani dereva alishuka akapunguza upepo wa matairi, moja baada ya jingine, maana tairi lililojaa huzama. Mama aliusikiliza ule mlio wa upepo huku midomo yake ikisoma dua.

Kilima cha kwanza gari liliinua pua tukawa tunaona mbingu tupu, halafu likateremka kwa ubavu, mchanga ukipiga vioo kama mvua ya masika. Mama alinishika kifundo cha mkono, kucha zikaingia. Kilima cha pili nikasikia sauti, nikadhani analia.

"Mama, nimwambie asimame?"

"Asimame ana nini?"

Alikuwa anacheka. Ushungi umemteleza, machozi yanamtoka, anapiga kiti cha mbele kwa kiganja na kupiga kelele kama msichana kwenye pembea ya Idi. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, na kicheko kile sikuwahi kukisikia nyumbani kwetu.

Jua lilipokaribia kuzama dereva alisimama ili watu wapige picha. Wote tukashuka. Mama alibaki kwenye kiti, mkanda umefungwa, ananipungia mkono dirishani.

"Wamalize upesi hao," alisema. "Mwambie twende kile kirefu."